Uzi: Mechi ambazo majukwaa yalicheza kuliko wachezaji

Mleta uzi

Wanajamvi, salaam. Nimesoma orodha nyingi za mechi bora za wakati wote, na karibu zote huhesabu mabao, makombe na majina ya wafungaji. Uzi huu nauanzisha kwa ajili ya upande wa pili wa uwanja, ule wenye ngazi, mabomba ya kuegemea na watu waliokaukwa na makoo. Naomba kila mchangiaji ataje mechi ambayo hamasa ya mashabiki ndiyo inayomjia kwanza akilini, matokeo yafuate baadaye, na aeleze hamasa hiyo ilitoka wapi. Kusema tu kwamba kelele zilikuwa nyingi hakutoshi, maana kelele nyingi zipo hata sokoni.

Nianze mimi. Tarehe 7 Mei 2019 Liverpool waliikaribisha Barcelona Anfield katika marudiano ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, wakiwa wamekwisha kuchapwa 3–0 kule Hispania, tena bila Mohamed Salah wala Roberto Firmino, ambao wote walikuwa majeruhi. Kwa hesabu ya kawaida shughuli ilikuwa imekwisha. Ajabu ni kwamba kelele za usiku ule hazikungoja bao. Barcelona walizomewa kila walipokaa na mpira, na kila mchezaji wa Liverpool alipomnyang'anya mtu mpira, hata katikati ya uwanja mahali pasipo na hatari yoyote, jukwaa la Kop lilipokea kana kwamba bao limefungwa. Divock Origi alifunga dakika ya 7. Georginio Wijnaldum, aliyeingia baada ya mapumziko kuchukua nafasi ya Andy Robertson aliyeumia, akafunga dakika ya 54 na ya 56.

Ukiirudia video ya mechi hiyo, fumba macho uisikilize tu. Sauti ya bao la pili haikupata nafasi ya kushuka kabla haijadakwa na la tatu. Kisha, dakika ya 79, Trent Alexander-Arnold akajifanya anaondoka kwenye kona, akageuka na kuupiga mpira ghafla wakati mabeki wa Barcelona hawajajipanga, na Origi akamalizia. Hapo sauti ni ya aina nyingine: panapita kitambo kidogo sana cha mshangao, kwa kuwa hata baadhi ya mashabiki hawakuwa wakiangalia, ndipo uwanja ukalipuka. Filimbi ya mwisho ilipolia, wachezaji na benchi lao walijipanga mstari mmoja mbele ya Kop wakaimba pamoja na watu wao.

Dai langu, ambalo mko huru kulipinga, ni kwamba hamasa kubwa huzaliwa na deni. Shabiki ambaye timu yake inaongoza mabao matatu huimba kwa kujifurahisha, lakini yule ambaye timu yake inadaiwa matatu huwa anaifanyia kazi. Karibuni.

---

Golikipa Mstaafu

Mleta uzi, dai lako nalikubali kwa sehemu kubwa, na ushahidi wangu unatoka Dortmund. Tarehe 9 Aprili 2013, robo fainali ya pili ya Ligi ya Mabingwa, Borussia Dortmund dhidi ya Málaga. Mechi ya kwanza ilikuwa sare tasa. Hadi dakika ya 90 wageni waliongoza 2–1, na kwa sababu ya kanuni ya wakati ule ya mabao ya ugenini (jumla ikilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye hupita) wenyeji walihitaji mawili. Marco Reus akasawazisha katika dakika za nyongeza, na muda mfupi baadaye Felipe Santana, beki, akausukumia wavuni mpira ambao kwa haki ungekataliwa kwa kuotea. Sitetei bao lile. Ninachokumbuka ni kwamba, wakati mpira unawekwa katikati baada ya bao la Reus, Jukwaa la Kusini halikushangilia kwa namna ya watu waliopata bao. Lilikuwa likifoka, kama mtu anayemharakisha mwenzake aliyechelewa gari.

Niongeze jambo la ujenzi, kwa kuwa wengi huzungumzia mioyo ya mashabiki wakaisahau zege. Jukwaa hilo, maarufu kwa jina la Ukuta wa Njano, huchukua watu wapatao 24,000 na kitu, wote wamesimama, na ndilo jukwaa kubwa kuliko yote ya kusimama barani Ulaya. Mwinuko wake ni mkali na paa lake ni la chini, kwa hiyo sauti haipati mwanya wa kupotelea angani. Hugonga paa na kurudi kiwanjani. Viwanja vyenye njia ya kukimbilia riadha kati ya jukwaa na nyasi huponzwa na umbali, hata vikijaa pomoni. Usiku ule wa Málaga kanuni za mashindano ya Ulaya zilitaka viti, hivyo idadi ya watu uwanjani ilikuwa imepungua kutoka zaidi ya 80,000 hadi karibu 66,000. Viti vilikuwapo, ila sidhani kama kuna aliyevikalia.

Sasa nendeni uwanja huohuo, tarehe 16 Mei 2020. Ligi ya Ujerumani ndiyo kwanza inarejea baada ya kusimamishwa kwa ajili ya korona, na mechi yenyewe ni ya watani wa jadi, Dortmund dhidi ya Schalke, bila shabiki hata mmoja. Dortmund walishinda 4–0. Mlio wa kiatu kikigusa mpira ulisikika, makocha walisikika, hata mpira ukigonga ubao wa matangazo ulisikika. Mechi ilipokwisha wachezaji walilifuata Jukwaa la Kusini kama ilivyo desturi yao, wakasimama kwa kuachiana nafasi kama kanuni zilivyotaka, wakalipungia mikono jukwaa tupu. Mimi nilikuwa golikipa wa timu ndogo ndogo tu, lakini nilipoona tukio lile nilizima televisheni nikatoka nje.

---

Kimya Kingi

Naheshimu michango iliyotangulia, ila naona tunaelekea kupima hamasa kwa ukubwa wa sauti, na hapo sitakubaliana na yeyote. Mechi yangu ni ile ambayo mashabiki walinyamaza kwa makusudi.

Tarehe 18 Agosti 2019 Union Berlin walicheza mechi yao ya kwanza kabisa katika Ligi Kuu ya Ujerumani, nyumbani, dhidi ya RB Leipzig. Ili muelewe uzito wake, uwanja wao ulipohitaji ukarabati mwaka 2008, mashabiki zaidi ya 2,000 walijitolea kuujenga kwa mikono yao wenyewe, na saa za kazi walizotoa huhesabiwa kuwa kama 140,000. Watu wa namna hiyo, walioganda kwenye madaraja ya chini kwa miaka mingi, siku wanayofika juu ungetarajia washangilie hadi paa ling'oke. Badala yake, kwa dakika 15 za mwanzo walikaa kimya, wakipinga namna klabu ya wageni wao inavyomilikiwa. Kabla ya hapo, wachezaji walipokuwa wakiingia, mamia ya watu jukwaani waliinua picha kubwa za nyuso: picha za wazazi, ndugu na marafiki waliokuwa mashabiki wa Union na kufariki bila kuiona siku hiyo. Fikirieni mtu anasimama saa nzima akiwa ameishikilia picha ya baba yake kifuani, kisha mechi inaanza, naye hatamki neno.

Union walifungwa 4–0. Nani anayakumbuka mabao hayo?

Pili, yapo ya uwanja wa Maracanã, Brazili, 16 Julai 1950. Waliolipia tiketi walikuwa 173,850, na makadirio ya wote waliokuwamo hukaribia 200,000. Brazili walihitaji sare tu dhidi ya Uruguay ili watwae Kombe la Dunia, na Friaça alipofunga dakika ya 47 kila kitu kilionekana kukamilika. Sasa mtazameni nahodha wa Uruguay, Obdulio Varela. Aliuchukua mpira wavuni, akaukumbatia kwapani, akatembea polepole kumfuata mwamuzi, akaanza kulalamika kwamba bao lilikuwa la kuotea. Mwamuzi alikuwa Mwingereza, hawakuelewana lugha, ikabidi atafutwe wa kuwatafsiria. Varela alijua fika kwamba bao halitafutwa. Alikuwa akiwapokonya watu karibu laki mbili furaha yao, dakika moja baada ya nyingine, hadi sauti ikatulia. Schiaffino akasawazisha dakika ya 66, Ghiggia akafunga la pili dakika ya 79, na kimya kilichofuata ndicho kinachosimuliwa hadi leo. Kwangu mimi, Varela ndiye mtu aliyeielewa hamasa ya uwanja kuliko wote, kwa sababu aliiona kuwa ni kitu kinachoweza kuchezewa, kama mpira wenyewe.

---

Mleta uzi

Kimya Kingi, umenibana. Hata hivyo naona Brazili ya 1950 inaniunga mkono bila wewe kutaka. Uwanja ule haukuwa na deni, ulikuwa tayari umekwisha kusherehekea. Siku uliyodaiwa ghafla haukuwa na wimbo wa kudaiwa.

---

Msafiri wa Mbali

Nachangia kwa kifupi. Istanbul, 25 Mei 2005, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, wakati wa mapumziko. AC Milan 3, Liverpool 0, Maldini akiwa amefunga katika dakika ya kwanza na Crespo mara mbili. Mashabiki wa Liverpool waliofunga safari ile yote wakaanza kuimba wimbo wa klabu yao, kwanza taratibu kama watu walio msibani, kisha kwa sauti kubwa. Wachezaji wamesimulia mara nyingi kwamba sauti hiyo iliwafikia vyumbani. Kipindi cha pili Gerrard, Šmicer na Alonso walifunga ndani ya dakika sita na kombe likaamuliwa kwa mikwaju ya penalti. Sidai kwamba wimbo ulifunga mabao. Nasema tu kwamba uliimbwa wakati hakuna aliyekuwa na sababu ya kuimba.

---

Ngazi ya Juu Kabisa

Nashangaa tumezunguka Ulaya na Brazili bila kugusa Casablanca, Moroko, ambako klabu za Raja na Wydad zinatumia uwanja mmoja, Stade Mohammed V, mashabiki wa Raja wakikaa nyuma ya goli la kusini na Wydad nyuma ya lile la kaskazini. Tarehe 23 Novemba 2019 walikutana katika marudiano ya Kombe la Klabu Bingwa za Kiarabu baada ya sare ya 1–1. Wydad waliongoza 4–1, na Raja wakarudisha mabao yote matatu mwishoni mwa mechi, ikawa 4–4, wakapita kwa mabao ya ugenini, kwa kuwa siku hiyo Wydad ndio waliohesabiwa wenyeji. Bila shaka mleta uzi atafurahi, maana hilo nalo ni deni lililolipwa.

Mimi lakini nataka tutazame kinachofanyika kabla ya filimbi ya kwanza. Zile tifo, yaani picha kubwa za vitambaa na karatasi zinazofunika jukwaa zima, haziangukii tu kutoka mbinguni. Kundi la mashabiki hukaa majuma kadhaa likichora, likishona vitambaa na kupanga ni kiti kipi kiwe na karatasi ya rangi ipi, kwa gharama yao na mara nyingi kwa siri, ili watani wasije wakaandaa jibu. Siku ya mechi picha hudumu dakika chache, kisha hukunjwa. Aliyeishikilia pembe ya kitambaa hakuiona picha hata kidogo, kwa kuwa alikuwa chini yake, gizani, akinusa rangi na kusikia watu wa upande wa pili wakishangaa. Halafu kuna kiongozi wa nyimbo, yule anayesimama juu ya uzio na kipaza sauti, mgongo umeelekea kiwanjani, ambaye dakika 90 nzima anaziona sura za mashabiki tu. Bao likifungwa yeye hulijua kwa kutazama macho ya wenzake.

Kuna wanaosema hamasa iliyopangwa si hamasa ya kweli. Siafiki. Kwaya nayo hufanya mazoezi.

---

Golikipa Mstaafu

Hapo umesema kweli, ila tusiipambe mno habari ya kusimama na kubanana. Tarehe 15 Aprili 1989, katika nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest uwanjani Hillsborough, watu 97 walipoteza maisha kutokana na msongamano jukwaani, na mashabiki walisingiziwa kwa miaka mingi kwamba wao ndio waliosababisha. Ripoti ya Jaji Taylor ya 1990 ndiyo iliyoleta majukwaa ya kukaa pekee, yasiyo na sehemu ya kusimama, katika viwanja vya ngazi za juu Uingereza. Wengi walilalamika kwamba viti vimeua nyimbo, na malalamiko hayo yana ukweli wake, lakini viti vimewarudisha watu nyumbani salama. Kuanzia Januari 2022 baadhi ya viwanja vya huko viliruhusiwa kuwa na sehemu za kusimama zenye vizuizi kwa kila safu, na nadhani huo ndio mwafaka unaofaa.

---

Pembe Nne

Mechi yangu ni Ghana na Uruguay, robo fainali ya Kombe la Dunia, Soccer City, Johannesburg, 2 Julai 2010. Afrika Kusini walikuwa wamekwisha kutolewa, na Ghana ndio pekee waliobaki kati ya timu za Afrika, kwa hiyo uwanja wenye watu zaidi ya 84,000 ukageuka kuwa wa nyumbani kwao. Vuvuzela, ambazo wengi walizichukia kwa sababu hazipandi wala hazishuki, usiku ule zilipanda na kushuka. Sekunde za mwisho za muda wa nyongeza, matokeo yakiwa 1–1, Luis Suárez aliuzuia kwa mikono mpira uliokuwa ukiingia golini, akatolewa kwa kadi nyekundu, na Asamoah Gyan akaenda kupiga penalti.

Kabla ya mkwaju uwanja ulikuwa ukinguruma. Gyan akagongesha mwamba wa juu. Sijawahi kusikia sauti ya watu wengi kiasi kile ikikatika kama uzi. Kinachonisumbua hadi leo ni kilichofuata: dakika chache baadaye Gyan huyohuyo alikwenda kupiga mkwaju wa kwanza wa Ghana, akafunga, na watu wakampigia makofi, makofi ya kumfariji mtoto aliyeanguka. Uruguay wakashinda 4–2 kwa matuta. Mleta uzi, hilo nalo ni deni, ila halikulipwa.

---

Daraja la Pili

Mimi sina mechi maarufu. Nina moja ya ligi ya chini, usiku, mvua imepiga tangu mchana, uwanja wenye jukwaa moja tu la kuezekwa na sisi tukiwa kama mia sita. Timu yetu ilihitaji pointi moja isishuke daraja. Katikati ya kipindi cha pili taa za uwanja zilizimika zote kwa mpigo. Waamuzi wakawakusanya wachezaji katikati ya kiwanja, na tangazo likapita kwamba tungoje.

Pembeni yangu alikuwapo mzee mmoja mwenye pete, ambaye tangu mechi ianze hakuwa amefungua kinywa. Gizani nikasikia anaigonga ile pete kwenye bomba la chuma tulilokuwa tumeegemea, polepole, kwa mapigo ya wimbo wetu wa zamani ambao vijana walikuwa wameuacha. Mtu wa safu ya nyuma akaudaka. Bomba lile lilikuwa refu, likapita mbele ya jukwaa zima, na kila mwenye funguo, sarafu au pete akaanza kulipiga, hadi nikausikia mtetemo wake kwenye viganja vyangu kabla ya masikio. Tuliimba gizani kwa dakika kama 20, wala hapakuwa na mchezo wa kutazama. Taa ziliporudi, mwanga ukaanza kidogo kidogo kwa rangi ya zambarau, nikawaona wachezaji wetu wamegeuka wote kutuangalia, wametulia, mikono viunoni.

Mechi ikaisha sare tasa, na ilikuwa sare mbovu kweli. Hatukushuka daraja.

---

Mtu wa Takwimu

Samahani kwa kuleta hesabu baada ya simulizi kama hiyo. Mechi za bila mashabiki za 2020 na 2021 zilikuwa jaribio ambalo hakuna mtafiti angeruhusiwa kulifanya kwa hiari, na tafiti kadhaa zilizozichunguza zilionyesha kwamba faida ya kucheza nyumbani ilipungua, hasa Ujerumani, na kwamba ule upendeleo wa waamuzi kuwaonya wageni zaidi ya wenyeji ulififia. Kwa maneno mengine, sehemu ya kazi ya mashabiki hufanyika masikioni mwa mwamuzi, wala si miguuni mwa mshambuliaji. Vilevile, Barcelona walipowafunga PSG 6–1 tarehe 8 Machi 2017, baada ya kufungwa 4–0 Paris, kipima mitetemo ya ardhi cha taasisi ya sayansi iliyo karibu na Camp Nou kilinasa mtikisiko wa mashabiki wakati Sergi Roberto alipofunga bao la sita dakika ya 95.

---

Mleta uzi

Nashukuru wote, na Daraja la Pili nampa nafasi yake peke yake, kwa kuwa ametuonyesha hamasa isiyo na bao, isiyo na mpira, isiyo hata na mwanga. Kimya Kingi, nakuachia Union, sina jibu.

Niongeze moja kabla sijawapisha wengine. Celtic Park, Glasgow, 7 Novemba 2012, siku moja baada ya klabu kutimiza miaka 125, uwanja mzima umepambwa kwa karatasi za rangi. Barcelona walimiliki mpira karibu mechi nzima, lakini Mkenya Victor Wanyama akafunga kwa kichwa dakika ya 21 kutokana na kona, na dakika ya 83 kijana wa miaka 18, Tony Watt, aliyetokea benchi, akaufukuzia mpira mrefu wa golikipa wake na kufunga la pili. Lionel Messi akarudisha moja dakika za nyongeza. Hapo ndipo wimbo ulipogeuka kuwa miluzi ya kumtaka mwamuzi amalize, maelfu ya watu wakipuliza vidole badala yake. Alipomaliza, kamera ikamkuta mwanamuziki Rod Stewart, shabiki wa Celtic wa siku nyingi, amesimama jukwaani na skafu yake, analia waziwazi.

Kuna mtu humu alikuwapo siku ile? Nataka kujua kama miluzi ile ilianzia nyuma ya goli au kwenye majukwaa ya pembeni.